UZI: Kabureta ya 2F kwenye Land Cruiser FJ45: nitengeneze ya zamani, ninunue kopi au nifunge Weber? (Tabora)

#1 MzigoWaSikonge

Wakuu, heshima mbele.

Gari ni Land Cruiser pikapu FJ45, injini 2F ya petroli, kabureta (inayochanganya petroli na hewa) ni Aisan ya midomo miwili, ile iliyokuja nayo. Kazi yake ni mizigo, Tabora mjini kwenda Sikonge, mara chache Urambo. Tani moja hivi.

Dalili: asubuhi inawaka vizuri kwa choki. Ikishapata moto silensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, inapanda inashuka, na ukikanyaga breki kwenye foleni inazima. Ukikanyaga mafuta ghafla inatoa moshi mweusi. Plagi nimezitoa, zote sita nyeusi kama sufuria ya kuni. Ulaji: lita 20 hazifikishi kilomita 80.

Fundi amesema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Zilizopo mbele yangu ni nne: kopi mpya ya Aisan, ya mtumba kutoka Dar, Weber 32/36 pamoja na pleti yake ya kuiunganisha na injini, au kabureta ya Hilux 4Y ambayo jamaa hapa mjini anaiuza kwa bei ya karanga. Ipi nichukue?

#2 Dizeli_Tu

Weka injini ya dizeli ya 1HZ usahau habari za kabureta.

#3 Spana14

Mtu anauliza bei ya nyanya unamjibu afuge ng'ombe. Ukibadilisha kwenda 1HZ unagusa maunti, gia boksi, rejeta, waya na kadi ya gari. Tujibu alichouliza.

#4 Bisibisi_Bapa

Mkuu MzigoWaSikonge, usinunue kitu bado. Rudi kwenye dalili zako, mbili kati yake zinapingana, na hapo ndipo jibu lilipo.

Silensa inayopanda na kushuka mara nyingi ni hewa inayoingia pasipo mlango wake, yaani mchanganyiko umekuwa mwepesi. Moshi mweusi na plagi za masizi ni petroli iliyozidi. Injini moja ikiwa na vyote viwili, kuna uwezekano mkubwa mtu alikutana na tundu la hewa, na badala ya kuliziba akaongeza petroli: akafungulia skrubu ya mchanganyiko, akapandisha floti (boya la kupima petroli kwenye bakuli), au akaacha choki imefunga nusu. Kabureta mpya juu ya tundu lile lile utarudi hapa hapa, na hela imeshaliwa.

Fanya hivi injini ikiwa ya moto na iko silensa:

1. Bana mpira unaotoka kwenye manifoldi (bomba la kugawa hewa kwa silinda) kwenda busta ya breki, kile kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa hewa. Tumia plaizi na kitambaa usiukate. Silensa ikitulia, mpira au dayaframu ya busta inavuta hewa. Gari inayozima ukikanyaga breki, busta ni mshukiwa wa kwanza, kabureta inafuata nyuma.

2. Chukua chupa ya kupuliza, tia maji matupu. Pulizia kidogo kidogo penye gasketi ya manifoldi na hedi kuanzia silinda ya 1 hadi ya 6, kisha chini ya kabureta penye kile kipande cha plastiki ngumu, kisha kwenye ncha mbili za shafti ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa ukikanyaga mafuta). Mahali ambapo maji yakigusa silensa inabadilika, hapo panavuta hewa. Usipulizie petroli kama wanavyofanya wengine. Kwenye 2F ekzosti (njia ya moshi) iko chini ya kabureta, ule moto haukupi muda wa kukimbia.

3. Tazama kioo kidogo cha bakuli la floti. Petroli iwe katikati ya kioo. Ikiwa juu au huioni mstari wake kabisa kwa sababu imejaa, niido (sindano inayofunga petroli) haizibi, floti imetoboka, au imekunjwa vibaya.

4. Zima injini, washa swichi bila kustati, chomoa na kuchomeka waya wa silenoidi ya silensa pale kwenye kabureta. Lazima usikie "ta". Haisikiki, pima kwanza kama umeme wa volti 12 unafika. Silenoidi ikifa gari inawaka kwa choki lakini haikai silensa hata kidogo, na watu wengi wametupa kabureta nzima kwa ajili ya kitu hicho.

5. Tikisa shafti ya throto juu na chini kwa vidole. Ikicheza hadi unaiona kwa macho, imeliwa.

Leta majibu ndipo tuongee kununua.

#5 MzeeWaFila

Bisibisi_Bapa kamaliza upande wa hewa. Mimi naongeza kwamba kabureta isiguswe kabla moto wa plagi haujanyooka, maana mipangilio ya moto ikiwa mibovu hakuna skrubu ya kabureta itakayokusikiliza.

2F: tapeti (nafasi ya valvu) zipimwe injini ikiwa ya moto, inteki (ya kuingiza hewa) 0.20 mm, ekzosti 0.35 mm. Pointi za distribyuta 0.45 mm. Plagi 0.8 mm. Mpangilio wa moto 1-5-3-6-2-4. Taimingi hutaiona kwenye puli ya mbele, inaonekana kwenye flaiwili kupitia dirisha la kengele ya klachi: kuna kigololi kidogo cha chuma kilichopachikwa na kuna mstari. Mstari ni TDC (pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa), kigololi ni digrii 7 kabla ya TDC. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye distribyuta, uzibe, weka silensa mizunguko 650 kwa dakika, mulika kwa taa ya taimingi, kigololi kikae kwenye kishale. Flaiwili ikiwa na kutu, paka kigololi rangi nyeupe kwanza, la sivyo utatafuta mpaka betri iishe.

Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) pia. Kwa kitabu injini nzima ni kama PSI 149, lakini hiyo ni ya usawa wa bahari. Tabora ni kama mita 1,200, hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo 125 hadi 130 Tabora ni injini yenye afya. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi PSI 15 hivi. Plagi zote zitoke na throto iwe wazi kabisa unapopima, vinginevyo unapima uongo.

Ukiwa na geji ya vakyumu (mvuto wa hewa kwenye manifoldi, kwa inchi za zebaki), hesabu ni hiyo hiyo. Pwani injini nzuri inasoma inchi 17 hadi 21. Punguza inchi moja kwa kila mita 300. Kwa hiyo Tabora ukiona 13 hadi 17 na mshale umetulia, usimwite fundi.

#6 MwangaKGM

Hilo la mwinuko wauzaji wa jeti (vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta) wanalitumia sana. "Huku juu lazima ubadilishe jeti mkuu." Wacha tulipime.

Hewa ikipungua kwa asilimia 11, mchanganyiko unazidi petroli kwa asilimia 6 hivi tu, kwa sababu petroli inayovutwa nayo inapungua, ila siyo sawasawa na hewa. Asilimia 6 ya eneo la tundu ni asilimia 3 ya kipenyo. Jeti ya 140, yaani tundu la milimita 1.40, ingetakiwa iwe 136. Ni hatua moja ya jeti, 135. Mwinuko wa Tabora hauwezi kuleta plagi za masizi. Huku Kigoma kando ya ziwa ni kama mita 800, tofauti ni ndogo zaidi.

Kinacholeta masizi ni jeti iliyochokonolewa na waya. Jeti ni shaba laini, ukipitisha waya wa chuma mara tatu tayari umeongeza namba. Inasafishwa kwa upepo wa kompresa na unywele wa brashi ya nailoni basi.

#7 MzigoWaSikonge

Wakuu nimefanya yote leo. Majibu:

Busta: nikibana mpira silensa inapanda na kutulia nusu. Mpira umepasuka pale unapoingia kwenye klipu, unaonekana ukiukunja.
Maji: silensa inabadilika nikipulizia nyuma, silinda ya 6, na pia kwenye shafti ya throto upande wa mkono wa waya. Ile plastiki chini ya kabureta salama.
Kioo cha floti: petroli iko juu kabisa, mstari hauonekani.
Silenoidi inapiga "ta".
Shafti inacheza, inaonekana kwa macho.
Kompresheni: 124, 126, 122, 125, 126, 119. Vakyumu inchi 11, mshale unatetemeka.

Skrubu ya mchanganyiko ilikuwa imefunguliwa mizunguko minne na nusu. Bisibisi_Bapa wewe ni mganga.

#8 Bisibisi_Bapa

Hakuna uganga. Injini yako ni nzima, hiyo ndiyo habari kubwa. Mizunguko minne na nusu ndiyo saini ya aliyekuwa anaficha tundu.

Mpira wa busta ni wa vakyumu, una nyuzi ndani. Usifunge wa petroli wala wa maji, unanyonywa na kubanana ukipata moto, halafu breki inakuwa ngumu kama mwamba kwenye mteremko.

Manifoldi sasa. Kwenye 2F inteki na ekzosti zimefungwa pamoja kwa boliti katikati, na zote mbili zinabanwa kwenye hedi kwa gasketi moja. Kosa linalofanywa karakana nyingi ni kuzifunga zile boliti za katikati zikakaza kwanza, kisha kulazimisha mzigo mzima uingie kwenye hedi. Nyuso mbili zikipishana hata nusu milimita, ncha moja haitabanwa, na mara nyingi ni ncha ya nyuma au ya mbele. Utaratibu: boliti za katikati ziache zinacheza, funga manifoldi kwenye hedi kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, ndipo ukaze zile za katikati. Endesha ipate moto, ipoe, rudia kukaza.

Kabla ya kufunga weka rula ya chuma juu ya uso wake na pitisha fila (bati jembamba la kupimia nafasi). Fila ya 0.20 ikipita, peleka kwa mkerezaji, lakini zikiwa zimefungwa PAMOJA. Ukisawazisha inteki peke yake na ekzosti peke yake umetupa hela.

Ukiwa hapo angalia ile klapu ya joto ndani ya ekzosti, yenye springi na uzani nje. Kwa kutu hukwama upande wa kuelekeza moshi wa moto chini ya inteki. Huku kwetu hakuna baridi ya kuhitaji hiyo. Ikikwama hapo petroli inachemka kwenye bakuli, gari ukiizima dakika 10 haiwaki. Igeuze ikae upande wa kupitisha moshi moja kwa moja, na ile ngao ya bati kati ya manifoldi na kabureta irudishwe. Wengi waliitupa.

#9 Spana14

Sasa swali la kuchagua. Ni maoni yangu, ila yana hesabu.

Ya 4Y iache. 4Y ni cc 2,237, yako ni cc 4,230. Koo la kabureta na jeti zake vimepangwa kwa karibu nusu ya hewa yako. Itawaka, itakaa silensa, na ukipakia tani moja itakuwa inakohoa na kuunguza valvu za ekzosti kwa wepesi wa mchanganyiko. Bei ya karanga ina sababu.

Weber 32/36: kuna wanaosema ni ndogo mno kwa 2F. Hesabu: lita 4.23, mizunguko 3,600 ambayo ndiyo mwisho wa maana wa 2F, inavuta hewa kila mzunguko wa pili, ujazaji tuseme asilimia 75. 4.23 × 1,800 × 0.75 ni kama lita 5,700 za hewa kwa dakika, au futi za ujazo 200. Weber hiyo inapitisha zaidi ya hapo. Kwa hiyo pumzi inatosha, na anayekushauri kabureta ya midomo minne ya V8 anakuuzia chuma.

Tatizo la Weber barabara za kwetu ni eya klina. Ile inayokuja nayo ni kikopo kidogo chenye sponji au wavu. Barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, kifuniko kile kinapitisha mchanga laini kama unga wa sembe, na ringi za injini ya kompresheni 125 zinaisha msimu mmoja. Ukiamua Weber, lazima utengeneze shingo ya bati ya kuunganisha na eya klina yake ya asili, ile kubwa ya mafuta au ya karatasi. Na pampu: Weber inataka PSI 2.5 hadi 3.5, ikizidi niido inasukumwa na inafurika. Pampu ya asili ya 2F ya kusukumwa na kemu inaweza kupita hapo kidogo, funga regyuleta. Msije mkafunga pampu ya umeme ya gari la EFI (lisilo na kabureta), ile ni PSI 40 na zaidi.

Kopi mpya ya Aisan: inaingia bila pleti, mkono wa waya na eya klina vinakaa. Ubaya ni umaliziaji. Ifungue mezani kabla haijaona gari. Ndani kuna vumbi la alumini la kiwandani, skrubu hazijakazwa, gasketi nyingine imeziba tundu la vakyumu, niido ni laini. Linganisha jeti zake na za kabureta yako ya zamani, na kama zako hazijachokonolewa, hamishia zako.

Ya mtumba kutoka Dar: unanunua shafti iliyoliwa ya mtu mwingine. Muombe muuzaji video akiitikisa shafti. Akisema "mkuu amini tu", pita.

Ningekuwa na gari hilo, ningeweka bushi kwenye ya zamani. Bodi ni ya kiwanda, jeti ni za kiwanda, kilichokufa ni shafti na vitu vya mpira.

#10 Kerezo_TBR

Kazi ya bushi kwa wenye mashine, maana nimeona kazi mbaya nyingi sana mezani:

Vipepeo vya throto vimeshikwa na skrubu ambazo ncha zake kiwandani zilipondwa ili zisilegee. Usizilazimishe na bisibisi, zitakatika ndani ya shafti. Sugua ile ncha iliyopondwa kwa tupa ndogo kwanza mpaka ilingane na shafti, ndipo ufungue. Kabla hujatoa kipepeo, kikwaruze alama: juu ni upi, cha mdomo wa kwanza (msingi) ni kipi na cha pili (sekondari) ni kipi. Kingo zake zimekatwa kwa mshazari, ukigeuza hakizibi.

Bodi ishikwe kwenye mashine na matundu yote mawili ya shafti yatobolewe kwa kushikwa mara moja, yawe kwenye mstari mmoja. Ukitoboa upande huu kwa drili ya mkono, ukageuza ukatoboa ule, shafti itakwama, na throto iliyokwama wazi ukiwa na mzigo ni ajali. Bushi iwe ya shaba, iingie kwa kubanwa, kisha ipanuliwe kwa rima (kifaa cha kunyoosha tundu) mpaka shafti izunguke kwa uzito wake bila kucheza. Shafti nayo ikiwa imeliwa mfereji, kereza nyingine.

Kurudisha vipepeo: funga skrubu zikiwa legevu, fumba throto kabisa, gonga kidogo kwa mpini wa bisibisi vijipange, mulika tochi kwa chini. Mwanga uwe mwembamba na sawa pande zote. Ndipo ukaze kwa gundi ya nyuzi na upige ncha tena. Skrubu hiyo ikidondoka inakwenda moja kwa moja juu ya pistoni.

Na tafadhali, kabureta haichemshwi kwenye magadi ya kuoshea injini. Ile kostiki inakula alumini, inatoka inang'aa na imeharibika.

#11 Kasulu_Kwanza

Naomba kuchomekea kidogo. Land Rover Siriizi 3, petroli 2¼, Zenith 36 IV. Moshi mweusi pia, ukizima inanuka petroli. Ni yale yale?

#12 MzeeWaFila

Hapana, yako ina ugonjwa wake unaojulikana. Zenith 36 IV kifuniko chake cha juu hujikunja kwa kukazwa sana, na kati ya kifuniko na bodi kuna o-ringi ndogo inayokauka. Petroli inapita pembeni ya jeti na hakuna skrubu ya kuizuia. Fungua, weka kioo kinene cha dirisha mezani, gundisha msasa namba 400, sugua uso wa kifuniko kwa mwendo wa namba nane mpaka wote ung'ae sawa. Badilisha o-ringi kwa inayovumilia petroli. Skrubu zifungwe kwa kupishana, mkono mwepesi. Tapeti za injini hiyo ni 0.25 mm zote.

#13 MzigoWaSikonge

Nimekubali kutengeneza ya zamani. Spea nizipate wapi? Maduka ya hapa mjini ukitaja 2F wanakuletea vya Noah.

#14 Spana14

Anza na namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku upande wa distribyuta. Inaanza na F, 2F au 3F, na kwa muuzaji wa kaunta zote ni "Lendi Kruza petroli". F ni cc 3,878 pistoni 90 mm. 2F ni 4,230 pistoni 94. 3F ni 3,955, pistoni 94 pia, ila stroku fupi na manifoldi yake ni nyingine. Ukiagiza gasketi ya manifoldi bila kutaja, utaletewa yoyote.

Pili, jifunze tarakimu tano za mwanzo za namba za Toyota, hazidanganyi: 21100 kabureta nzima, 23100 pampu ya petroli, 23300 filta ya petroli, 17801 karatasi ya eya klina, 19100 distribyuta, 90919 plagi na jamii ya moto. Tarakimu za nyuma ndizo zinazotaja injini. Boksi lenye 21100 na nyuma yake namba ya injini nyingine, lirudishe.

Kwa 2F, Tabora utapata vya kawaida tu: plagi, filta, mipira. Kiti (seti ya spea ndogo) ya kabureta na gasketi ya manifoldi tafuta Dar, maduka ya Gerezani na Kariakoo, au Mwanza, na vinakuja kwa basi. Usitume maneno, tuma picha. Picha nne: kabureta kwa juu, upande wa kioo cha floti, upande wa mkono wa throto, na chini ukiwa umeweka rula ikionyesha umbali wa tundu la boliti hadi tundu, kati kwa kati, na kipenyo cha kila mdomo. Hesabu na vibomba vya vakyumu. Kopi nyingi zimetengenezwa kwa gari za soko la Marekani zenye vibomba vingi vya mfumo wa kupunguza uchafuzi wa moshi; hizo zinafanya kazi lakini kila kibomba usichokitumia kizibwe, kimoja kikiachwa wazi umerudi #1.

Orodha yako: kiti ya kabureta yenye niido na kikombe cha pampu, gasketi ya manifoldi, gasketi mbili za ile plastiki chini ya kabureta (juu na chini), mpira wa busta mita moja, valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa injini kwenye inteki), na filta mbili za petroli za kuonekana ndani. Moja ifungwe kabla ya pampu. Gari inayojazwa petroli ya kidumu vijijini inakusanya kutu na maji.

#15 Bisibisi_Bapa

Kiti ikifika, mambo matatu yanayoharibu kazi wakati wa kuunganisha:

Vigololi vya pampu ya aksileta. Kuna kimoja chini ya pistoni ya pampu na kingine kwenye njia ya kutokea, chenye springi au uzani juu yake. Havilingani ukubwa. Fungulia kabureta ndani ya beseni jeupe, kila kigololi kwenye kifuniko chake cha soda. Ukivibadilisha gari inapata ganzi kila ukikanyaga, na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Kikombe cha pampu kikiwa cha ngozi, kilaze usiku kucha kwenye oili ya injini kabla ya kufunga. Kikavu kinajikunja na kupasuka.

Floti ya shaba: itikise karibu na sikio, ikilia majimaji imetoboka. Ichovye kwenye maji ya moto, patakapotoka mapovu ndipo tundu. Toa petroli yote ndani kabla ya kulehemu kwa risasi, na risasi iwe tone tu. Ukiipaka kama chokaa floti inakuwa nzito, inazama, petroli inapanda, unarudi kwenye masizi.

Gasketi mpya ilinganishe na ya zamani tundu kwa tundu kabla ya kuitupa ya zamani. Pistoni ya nguvu ikisukumwa chini kwa kidole lazima irudi juu yenyewe bila kusita. Kuhusu sekondari, baadhi ya Aisan inafunguliwa na mkono wa chuma na baadhi na dayaframu, angalia yako ni ipi na kama ni dayaframu ivute kwa mdomo uone kama inashikilia.

#16 MzigoWaSikonge

Kazi imefanyika wiki hii. Mkerezaji kaweka bushi, manifoldi ilikuwa imejikunja, fila ya 0.30 ilipita nyuma, imesawazishwa ikiwa pamoja. Mpira wa busta mpya. Floti ilikuwa na petroli ndani, tundu dogo kwenye mshono. Vakyumu sasa inchi 15, mshale umetulia. Breki haizimi gari. Bado silensa iko juu kidogo, 800, na nikipunguza inatetemeka. Jeti sikugusa.

#17 MzeeWaFila

Panga silensa kwa mpangilio wake sasa, maana skrubu zimehama. Injini ya moto kabisa, choki wazi, eya klina imefungwa mahali pake, siyo pembeni chini.

Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, ncha yake inaharibika. Irudishe mizunguko miwili. Washa. Izungushe robo robo kutafuta mahali injini inapokimbia zaidi. Ukifika hapo, tumia skrubu ya kasi kushusha hadi 690. Rudi kwenye ya mchanganyiko, tafuta tena kilele, shusha tena 690 kama imepanda. Kilele kikishakuwa 690 sawasawa, funga skrubu ya mchanganyiko kidogo kidogo hadi mizunguko ishuke 650. Acha hapo, usiguse ya kasi tena. Ikitetemeka kwenye 650, rudia maji ya kupuliza kwenye ile plastiki ya chini, mara nyingi gasketi moja ya pale imesahauliwa.

#18 MzigoWaSikonge

Ilikuwa hiyo hiyo. Gasketi ya juu ipo, ya chini haikurudishwa. 650 imetulia, glasi ya maji juu ya eya klina haimwagiki. Skrubu iko mizunguko miwili na robo. Sikonge kwenda na kurudi na mzigo, lita 20 zimenipa kilomita 108. Plagi zimeanza kugeuka rangi ya kahawia.

#19 Kasulu_Kwanza

Mkuu ile kabureta ya 4Y bado inauzwa? Kuna jamaa ana Hilux.

#20 MzigoWaSikonge

Ipo. Mwambie aitikise shafti kwanza.